Plagi: Shahidi wa Moto Ndani ya Injini

Pikipiki inakataa kuwaka asubuhi. Mwenyewe anaifungua plagi, anaiona nyeusi, anaitupa na kununua nyingine. Pikipiki inawaka mara moja, naye anaridhika kwamba ugonjwa umepona. Baada ya juma moja plagi mpya nayo imekuwa nyeusi kama ile ya kwanza. Mtu huyu amefanya kosa lifanywalo kila siku: amemwadhibu shahidi na kumwacha mkosaji. Katika makala haya tutaeleza jinsi sura ya plagi inavyotokea, na jinsi inavyoweza kutumiwa kutambua kasoro za injini ya petroli.

Kazi ya plagi

Plagi ina elektrodi mbili zilizotengwa kwa nafasi ndogo, kwa kawaida kati ya milimita 0.6 na 1.1. Elektrodi ya katikati imezungukwa na kauri nyeupe isiyopitisha umeme. Koili huupandisha umeme hadi kufikia maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 10,000. Ndipo umeme huruka nafasi ile na kutoa cheche iwashayo mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini ya mapigo manne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, moto huwashwa katika kila silinda mara 25 kwa sekunde moja.

Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, huhitaji hewa kilo 14.7 hivi. Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni hukosa oksijeni na kubaki kama masizi. Joto la ncha ya plagi nalo lina mipaka yake. Chini ya nyuzi 450 za Sentigredi hivi, masizi hayaungui bali hujikusanya juu ya kauri. Joto likizidi nyuzi 850 au 900, ncha huwa kama kaa la moto na kuuwasha mchanganyiko kabla ya cheche kutokea. Kati ya mipaka hiyo plagi hujisafisha yenyewe.

Kusoma uso wa plagi

(a) Rangi ya kijivu au kahawia hafifu. Hii ni dalili ya injini yenye afya. Vitabu vya zamani hutaja rangi iliyokolea zaidi, kwa sababu petroli ya siku zile ilitiwa risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006; kwa hiyo siku hizi plagi nzima yaweza kuwa na rangi hafifu sana.

(b) Masizi makavu, meusi, yanayofutika kwa kidole. Petroli imezidi hewa. Chujio cha hewa huenda limeziba vumbi, choki imeachwa imefungwa, au kabureta imerekebishwa vibaya. Hata safari yaweza kuleta hali hii. Hewa ya Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli nyingi mno huko juu. Ikumbukwe kwamba kaboni hupitisha umeme. Masizi yakizidi, umeme hutambaa juu ya kauri badala ya kuruka, cheche hufifia, na masizi huongezeka tena.

(c) Weusi wenye unyevu unaong'aa. Hii ni oili iliyopenya hadi chumba cha moto, ama kupitia ringi za pistoni zilizochakaa, ama kando ya valvu. Katika injini ya mapigo mawili, ambayo oili yake huchanganywa na petroli, unyevu kidogo si ajabu.

(d) Kauri nyeupe kabisa, yenye malengelenge, na elektrodi zilizoanza kuyeyuka. Dalili hii ndiyo ya hatari kuliko zote. Joto limepita kiasi: petroli ni haba, hewa inavuja na kuingia baada ya kabureta, cheche inawahi mno, au injini haipozwi vizuri. Ukiona vitone vidogo vya madini vimeganda juu ya kauri, huenda pistoni yenyewe imeanza kuyeyuka. Izime injini na usiendelee na safari.

Linganisha kabla ya kuhukumu

Iwapo injini ina silinda nne, zing'oe plagi zote na kuzipanga kwa utaratibu wa silinda zake. Zote zikiwa nyeusi, chanzo kiko katika kitu kinachozihudumia zote, kama vile kabureta au chujio la hewa. Moja tu ikiwa na oili, kosa limo katika silinda ile peke yake. Hapa mwanafunzi ataitambua kanuni aliyojifunza maabara: kisababishi hutafutwa kwa kulinganisha.

Uchunguzi ufanywe baada ya injini kufanya kazi yake ya kawaida, kwa maana injini iliyoachwa ikinguruma bila mzigo hutia plagi masizi hata kama haina kasoro. Iache ipoe, kisha usafishe vumbi lililozunguka plagi lisije likaangukia ndani ya silinda. Wakati wa kurudisha, anza kukaza kwa vidole, ndipo utumie spana.

Magari ya kisasa yana vipimo vya elektroniki vinavyomwarifu fundi hali ya mchanganyiko. Hata hivyo pikipiki nyingi, jenereta ndogo na pampu za maji mashambani bado zinatumia kabureta, na mwenye navyo hana chombo cha kupimia. Ana plagi. Kabla hajaitupa, na aitazame kwanza, kisha ajiulize ni nini kilichoipa sura ile.