Hesabu ya Tai Ianzie Rongai

Kila Novemba, mji mdogo wa Haines huko Alaska hupokea wageni waliovaa makoti mazito na kuning'iniza darubini shingoni. Mto Chilkat una sehemu ambazo hazigandi hata baridi ikiuma, samoni huchelewa kufika huko, na tai kichwa-cheupe hujazana mitini kuwangojea. Watu hutazama, hupiga picha, hula na kusikiliza wataalamu. Ni sherehe hasa, na inamhusu ndege ambaye mwaka 1963, Alaska ikiwekwa kando, alikuwa amebakiwa na jozi 417 tu zinazotaga katika majimbo 48 ya Marekani.

Sisi wa Nakuru tunaye binamu yake, tai mla samaki: kichwa na kifua cheupe pe, tumbo la hudhurungi, na sauti inayosikika kutoka ng'ambo moja ya ziwa hadi nyingine. Sherehe yake hatuna. Tulicho nacho, na kwangu mimi kina uzito zaidi, ni hesabu ya ndege wa majini ya kila Januari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Makavazi ya Kitaifa, Shirika la Wanyamapori (KWS) na Nature Kenya wamekuwa wakiwakusanya wanafunzi, waongozaji watalii na wapenzi wa ndege kando ya maziwa ya Bonde la Ufa. Januari ilichaguliwa kwa sababu wageni kutoka Ulaya na Asia huwa bado wako huku, na nchi nyingine nazo huhesabu wakati huohuo.

Kila kundi hupewa kipande chake cha ufuo. Mmoja huita, mwingine huandika. Heroe wakiwa maelfu hawahesabiwi mmoja mmoja; mtu hukadiria fungu la mia, kisha hupima kwa jicho mafungu kama hayo ni mangapi. Kwa tai mambo ni mengine. Kichwa chake huonekana kutoka mbali, na kila jozi hulinda eneo lake, kwa hiyo si rahisi kumhesabu mmoja mara mbili. Leslie Brown, aliyewachunguza tai wa Naivasha kwa miaka, alionyesha kwamba ndege huyu hutumia sehemu ndogo sana ya siku kuwinda. Saa nyingi amekaa tu mtini. Wanaomwita mvivu hawajamwona akishuka: hukunja mabawa, hutanguliza miguu, na vidole vyenye vijimiba hushika samaki anayeteleza. Akinasa mzito asiyeweza kupaa naye, humburuta juu ya maji hadi ufuoni.

Lakini lazima kwanza amwone. Maji yakichafuka, jicho lote lile halimsaidii. Ndiyo maana ningependa hesabu hii ianzie Rongai, mahali pasipo na ziwa hata moja.

Mto Molo huanzia Mau, hukatiza Rongai katikati ya mahindi na mkonge, hupita Mogotio, kisha humwaga maji yake Baringo. Udongo unaochukuliwa na mvua shambani kwako husafiri nao. Baringo ni ziwa la maji baridi lisilo na mto wa kulitoa maji, na kwa miaka mingi limekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Waendesha mashua wa huko humpigia tai mluzi, humrushia samaki aliyechomekwa kijiti ili aelee, naye huja mbio, watalii wakishangilia. Tamasha zuri. Ila samaki huyo katupwa na mtu, na kelele za kamera hazisemi lolote kuhusu ziwa.

Kuna udongo, halafu kuna dawa. Kilichomwangusha tai wa Marekani si bunduki peke yake. DDT iliyonyunyizwa mashambani ilisombwa hadi mitoni, ikaingia kwa wadudu, ikajilimbikiza kwa samaki, na ilipomfikia tai ilikuwa imekolea mara nyingi zaidi. Masalio yake huzuia chokaa kujengeka vizuri katika ganda la yai, na jike akilalia, yai hupasuka. Marekani ilipiga marufuku dawa hiyo mwaka 1972. Mwaka 2007 tai akaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini, na kufikia 2019 jozi zilikadiriwa kuwa 71,400. Huku Afrika, mayai ya tai mla samaki wa Ziwa Kariba nayo yalikutwa na maganda membamba kwa sababu hiyohiyo.

Tai mwenyewe si mteuzi, na hilo huwachanganya watu. Ziwa Bogoria halina samaki, ila tai yuko, anakula heroe. Nakuru nayo haikuwa na samaki hadi wale wadogo wa Magadi walipoletwa kuanzia miaka ya 1950 ili wale viluwiluwi vya mbu. Nyuma yao wakaja mwari na walaji wengine. Tangu 2010 maji yamepanda katika maziwa yote haya, yakameza lango la zamani la mbuga ya Nakuru na kuua migunga ya ufuoni. Miti hiyo mikavu iliyosimama majini ni viti vizuri vya tai, kwa muda, mpaka ioze.

Kwa hiyo kumwona tai ziwani hakutoshi kutuambia kwamba ziwa ni zima. Tai mkubwa huweza kuishi miaka mingi bila kulea kinda hata moja. Yai hulaliwa kwa wiki sita hivi, kinda huruka baada ya siku 65 hadi 75, kisha huchukua karibu miaka mitano kupata kichwa cheupe. Kabla ya hapo ni wa kahawia, mwenye mabaka yasiyopendeza kwa picha. Hao wa mabaka ndio wa kutafutwa Januari. Darubini ikipita ufuo mzima wa Baringo na kuona vichwa vyeupe vitupu, habari hiyo ipelekwe juu ya mto, kwenye baraza za machifu wa Rongai, kabla ya watu kununua dawa ya viwavi.