Kuti na Bati: Mabadiliko ya Majengo katika Kaloleni

Majengo ya kale ya pwani ya Kenya yanapotajwa, fikra za wengi huelekea Lamu, Gede au Mji wa Kale wa Mombasa, kwa kuwa huko kuna kuta za mawe zilizodumu karne kadhaa. Kaloleni, katika Kaunti ya Kilifi, haitajwi. Hata hivyo, sura ya mji huu uliozungukwa na minazi imebadilika pengine kuliko ya Lamu, na mabadiliko hayo hayaonekani kwa sababu nyumba ya nyasi au ya udongo ikiondoka haiachi gofu.

Nyumba ya kale ya Wagiriama ilijengwa kwa miti, fito na nyasi, na paa lake liliteremka hadi karibu na ardhi, hata ukuta na paa vikawa kitu kimoja. Baadaye ilienea nyumba ya pembe nne, yenye kuta zilizokandikwa udongo na paa la makuti, iliyofanana na nyumba za Waswahili wa mwambao. Yafaa kukumbuka jambo hili, kwani nyumba ya makuti ambayo leo huitwa "ya kiasili" nayo ilikuwa ngeni wakati mmoja.

Kisha likaja bati. Si haki kuwalaumu walioliezeka. Kuti huoza baada ya miaka michache na kuhitaji kubadilishwa, na kazi hiyo ilitegemea ujima wa jamaa ambao wengi wao sasa wako Mombasa wakitafuta riziki. Tena kuti hushika moto upesi. Bati huteka maji ya mvua, na katika sehemu kame hilo pekee latosha kumshawishi mwenye nyumba, ingawa mchana atalipa kwa joto na usiku wa masika kwa kelele.

Lakini bati halikukaa tu mahali pa kuti. Makuti huhitaji paa la mteremko mkali ili maji yasituame. Bati huridhika na mteremko mdogo. Paa likainama, upenu ukafupika, na kivuli cha upenu kilichowakusanya watu barazani kikapungua. Duka la matofali ya saruji na mlango wa chuma halina haja ya baraza. Ndivyo badiliko la kifaa kimoja cha kuezekea linavyoweza kubadilisha njia nzima na namna watu wanavyokaa humo.

Lugha nayo huguswa. Fundi wa makuti alihitaji kujua kombamoyo, yaani miti inayobeba paa. Mtambaapanya, mti unaolala juu ya ukuta. Na fito zinazofungwa kwa kamba ili makuti yashikwe. Fundi wa bati huzungumza habari ya kenchi, papi na misumari. Kitenzi *kuezeka* kimesalia, kwani hata bati huezekwa, lakini nomino zilizokizunguka zinaachwa moja baada ya nyingine. Jambo la kushangaza ni kwamba kuti lenyewe halina uhaba wa wateja. Hoteli za Malindi na Watamu hulitafuta ili kumpendeza mtalii, na huko huhesabiwa kuwa anasa lile ambalo kijijini limekuwa alama ya umaskini.

Uhifadhi rasmi haujaifikia nyumba hii. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaweza kulinda jengo, ila ni lazima jengo liwepo kwanza. Huko Rabai, kwenye barabara itokayo Mazeras kwenda Kaloleni, walikoweka makao wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann mwaka 1846, kanisa la kale limefanywa makumbusho. Nyumba za Warabai waliowafundisha wageni hao lugha hazipo. Kaya Giriama, iitwayo pia Kaya Fungo, ililipuliwa na serikali ya kikoloni mwaka 1914, wakati wa upinzani unaokumbukwa kwa jina la Mekatilili wa Menza. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya ya Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, lakini kilichosalia humo zaidi ni msitu na mahali patakatifu. Makazi yalihamwa zamani.

Kazi ya wamisionari hao iliacha kumbukumbu ya namna nyingine. Mwaka 1887 ilichapishwa kamusi ya Krapf na Rebmann ya lugha waliyoiita Kinyika, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Mwanafunzi anayetaka kukusanya istilahi za ujenzi anaweza kuanzia humo, kisha aende Kaloleni kwa mafundi wazee wa makuti na kuwauliza ni yapi kati ya maneno hayo wanayoyatumia bado, na kwa mti upi.