Je, Wajua? Nyama za Puani na Kichwa Kisichopoa

Je, wajua kwamba nyama inayoota puani yenyewe haiumi? Ni laini, ya kijivu, mfano wa zabibu iliyomenywa, na daktari akiigusa mgonjwa karibu hasikii kitu. Kinachouma ni sainasi, zile nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso, pale nyama inapoziba vijia vyake na kamasi ikakosa pa kutokea.

Je, wajua tundu la kutolea kamasi la sainasi ya shavuni liko juu, si chini? Ndiyo maana hujaa upesi, na maumivu yakashukia meno ya juu. Usikubali kung'olewa jino kabla pua haijaangaliwa.

Hapa Bigwa, Morogoro, karafuu za Mkuyuni na Matombo zikipita kwenda mjini, pua nzima huzitambua. Nusa moja. Kama husikii harufu, matundu yote mawili ya pua yameziba kwa zaidi ya wiki 12, na uso unakuwa mzito ukiinama kuokota kuni, mwone daktari wa masikio, pua na koo. Dawa ya kupulizia puani huweza kuzisinyaza nyama hizo. Zisiposinyaa, hukatwa, ingawa mara nyingi huota tena.

Je, wajua wengi wanaoumwa kichwa na kusema "nina sainasi" wana kipandauso? Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2004 ulichunguza watu 2,991 walioamini hivyo. Asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Jina letu lilishasema: maumivu hupanda usoni. Kichefuchefu na kuchukia mwanga ndivyo vinavyokitambulisha. Ukiwa na homa, pima malaria kwanza.

Mwenye pumu na nyama za puani aogope aspirini: huweza kumbana kifua vibaya. Daktari Mfaransa Widal alilieleza hilo mwaka 1922.

Je, wajua Hippocrates wa Ugiriki alizing'oa nyama hizi kwa sponji iliyofungwa uzi, akaivuta kupitia puani hadi mdomoni?

Sasa la haraka. Pua ikiziba upande mmoja tu, ikatoka damu, shavu likafa ganzi au jicho likatokeza, nenda hospitali wiki hii hii, kwani huenda ni saratani. Mafundi seremala, vaeni barakoa; vumbi la mbao huchangia saratani hiyo. Kwa mtoto mdogo, tundu moja likitoa usaha unaonuka, huenda ni punje ya hindi au shanga. Usiichokonoe, mpeleke.