Gari la Spoti Linapovuma: Kagua Tairi Kabla ya Kununua Beringi

Mvumo unaozidi kadiri gari linavyoongeza kasi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni wa beringi. Mteja hulipia beringi mpya, na mvumo ukabaki palepale. Kwa magari ya spoti, tunashauri tairi zikaguliwe kwanza.

Magurudumu ya magari mengi ya aina hii huinamishwa kidogo kwa ndani upande wa juu ili yashike barabara vizuri kwenye kona. Hivyo ukingo wa ndani wa tairi huelekea kulika mapema, hasa alaimenti inapopotoka au gari linaposhushwa. Ukingo wa nje, ambao ndio mwenye gari huuona, huonekana mzima. Zungusha usukani hadi mwisho utazame tairi za mbele kwa ndani. Kwa zile za nyuma, gari liinuliwe gereji. Zikionekana nyaya, usiliendeshe. Zisipoonekana, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kwenda na kurudi: ukihisi ulaini ukienda na meno kama ya msumeno ukirudi, yaelekea mvumo watoka hapo.

Mvumo wa tairi hubadilika lami inapobadilika. Ule wa beringi, kwa kawaida, hubadilika gari linapoelemea upande mmoja kwenye kona.

Tairi mpya zikifungwa bila alaimenti kurekebishwa, zitalika vilevile. Fundi akupe karatasi ya vipimo vya kabla na baada ya kazi, nawe uisome kabla ya kulipa.