Wayfarer (mashua)

Wayfarer ni aina ya mashua ndogo ya tanga iliyobuniwa mwaka 1957 na Ian Proctor, msanifu wa vyombo vya majini kutoka Uingereza. Kwa Kiingereza jina hilo lina maana ya "msafiri". Mashua hiyo haina chumba. Hutumika hasa kwa matembezi ya siku moja ya familia, kwa mafunzo na kwa mashindano. Zaidi ya mashua 10,000 za aina hii zimeshaundwa.

Vipimo na muundo

Wayfarer ina urefu wa mita 4.82 na upana wa mita 1.85. Chombo chenyewe, bila mlingoti na matanga, kina uzito wa kilogramu 169 hivi. Kwa sababu hiyo huweza kupakiwa juu ya trela, kuvutwa na gari la kawaida na kushushwa majini na watu wachache. Mwanzoni mashua hizo ziliundwa kwa plaiwudi. Baadaye zikaanza kutengenezwa kwa faibaglasi.

Ina matanga mawili ya pembetatu: tanga kuu lililo nyuma ya mlingoti na tanga dogo la mbele. Upepo ukitoka nyuma, tanga la tatu la kitambaa chepesi huweza kuongezwa. Mlingoti una bawaba chini yake, hivyo huweza kulazwa mashua inapopita chini ya daraja.

Katikati ya mashua kuna ubao unaoshushwa majini. Ukishushwa wote, mashua huhitaji kina cha mita 1.17; ukipandishwa, sentimita 20 hivi zinatosha. Kazi ya ubao huo ni kuzuia mashua isisukumwe kando na upepo. Bila huo mashua isingeweza kupiga bisho, yaani kusonga kuelekea upepo unakotoka kwa kwenda upande huu na huu. Kwenye maji mafupi ubao hupandishwa, na mashua huweza kufika hadi ufukweni.

Usalama

Jahazi hutulizwa na shehena yake au farumi, na ngalawa hutulizwa na marengu yake. Wayfarer haina farumi wala marengu. Hutegemea upana wake na uzito wa watu waliomo, ambao husogea upande unaotoka upepo ili mashua isilale. Maana yake ni kwamba wepesi unaorahisisha kuivuta kwa gari ndio pia unaowafanya abiria kuwa sehemu ya uendeshaji: wakikaa upande usiofaa, au kamba ya tanga ikifungwa na upepo ukavuma ghafla, mashua huweza kupinduka.

Ikipinduka haizami, kwa kuwa ina vyumba viwili vya hewa vilivyofungwa, kimoja mbele na kingine nyuma. Vyumba hivyo hutumika pia kuhifadhia mizigo isilowe. Ili kuiinua, mtu husimama juu ya ule ubao wa katikati na kuegemea nyuma mpaka mlingoti uinuke, kisha maji hutekwa na kumwagwa. Kwa hiyo wanafunzi hufundishwa zoezi hilo mapema, na kila aliyemo anapaswa kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Upepo ukizidi, tanga kuu hupunguzwa kwa kukunja sehemu yake ya chini.

Safari za Frank Dye

Mwingereza Frank Dye alijulikana kwa safari ndefu katika Wayfarer yake iitwayo Wanderer, yenye namba 48. Mwaka 1963 alisafiri na mwenzake mmoja kutoka Uskoti hadi Iceland. Mwaka 1964 alielekea Norwei; njiani dhoruba iliipindua mashua mara kadhaa na kuvunja mlingoti, lakini yeye na mwenzake walifika salama. Safari hizo zilionyesha uimara wa mashua hiyo, ingawa haikukusudiwa kuvuka bahari kuu. Wanderer imehifadhiwa katika makumbusho ya bahari ya Cornwall, mjini Falmouth.

Matumizi ya sasa

Wayfarer hutumika katika shule za usafiri wa tanga nchini Uingereza, na vyama vya wamiliki vipo pia Marekani, Kanada, Denmark na Uholanzi. Baadhi yao hutandika turubai juu ya boriti ya tanga na kulala watu wawili sakafuni mwa mashua.