Wenye Bendera wa Kisiwa cha Man

Kwenye Kisiwa cha Man, kilichoko baharini kati ya Uingereza na Ireland, mbio za pikipiki za TT hazianzi kwa sababu mabingwa wako tayari. Zinaanza pale kila kipande cha barabara kinapotoa taarifa kwamba kina wasimamizi wa kutosha. Kila kipindi cha mazoezi au mashindano kinahitaji zaidi ya watu 500 wa aina hiyo, na wote wanajitolea. Wakipungua, mbio zinacheleweshwa, hata kama pikipiki zimeshajazwa mafuta.

Njia yenyewe ni barabara za kila siku. Mzunguko mmoja una kilomita 60.7, takriban safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Unaanzia mji mkuu, Douglas, unateremka Bray Hill katikati ya nyumba za watu, unapita vijijini penye kuta za mawe, unavuka daraja la Ballaugh ambapo pikipiki huruka juu, kisha unapanda ubavuni mwa mlima Snaefell. Mwaka 2023 Peter Hickman aliumaliza kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa.

Magari ndiyo yaliyotangulia. Mwaka 1904 klabu ya magari ya Uingereza ilikuwa inatafuta mahali pa kuchagua timu ya kombe la Gordon Bennett, lakini nyumbani kikomo cha mwendo kilikuwa kilomita 32 kwa saa na barabara hazikuruhusiwa kufungwa kwa mashindano. Katibu wake, Julian Orde, akaenda kwa binamu yake Lord Raglan, aliyekuwa gavana wa kisiwa. Tynwald, bunge la huko, likapitisha sheria ya kuruhusu barabara zifungwe. Pikipiki zilipata TT yao tarehe 28 Mei 1907, na tangu 1911 zinapita njia ya mlimani.

Sheria ilifunga barabara. Kuzilinda kukabaki mikononi mwa wananchi na wageni wanaotumia likizo zao kwa kazi hiyo. Wakati wa mbio wanapewa mamlaka kama ya askari polisi: wakikuamuru utoke ukutani, unatoka. Wanatazama mvua, mafuta yaliyomwagika, mbwa aliyetoroka. Na wanapaswa kuwa wepesi mno, kwa maana waendeshaji huondoka mmoja mmoja, wakipishana sekunde 10. Mtu akianguka kwenye kona isiyoonekana kwa mbali, anayemfuata yuko njiani tayari. Bendera ya manjano lazima ipepee kabla mtu hajakimbilia majeruhi, la sivyo majeruhi watakuwa wawili. Helikopta yenye daktari huja haraka, lakini mikono ya kwanza kumgusa aliyeanguka ni ya jirani mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza.

Hapo ndipo heshima yangu kwa watu hawa inapochanganyika na uchungu. Zaidi ya watu 260 wamekufa kwenye njia ile ya mlimani tangu 1911. Ajali za TT ya 2022 peke yake ziliua sita. Kila mara mjadala wa kuzifuta mbio hizi unapozuka, tunasikia kwamba mwendeshaji alichagua hatari yake mwenyewe. Ni kweli. Lakini msimamizi aliyepiga magoti kando yake barabarani naye alichagua, bila kombe wala malipo, na kesho yake jioni huenda akarudi kwenye kona ileile. Uamuzi wowote kuhusu TT unapaswa kusikiliza sauti yake kabla ya ile ya wadhamini.

Waandaaji wameongeza vifaa: pikipiki zinafuatiliwa kwa satelaiti, na taa za kielektroniki zinasaidiana na bendera. Hata hivyo, kila msimu ukikaribia bado wanatoa tangazo la kuomba watu, na mara nyingi wanalirudia hata wiki ya mbio ikiwa imeshaanza.