Mashine ya kukatakata malisho kwa trekta: Mambo ya kuzingatia kabla na baada ya kununua

Na Mwandishi Wetu, Tarime

MAHINDI yanapovunwa katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mashamba hubaki na mabua. Kwa kawaida ng'ombe huingizwa humo wakala majani na ncha laini, na shina gumu likaachwa likanyagwe, lioze au lichomwe moto.

Majuma machache baadaye, kiangazi kikiwa kimeshika kasi, mifugo ile ile huanza kutafutiwa malisho mbali na nyumbani.

Wilayani Serengeti safari hiyo ina hatari yake. Sehemu kubwa ya eneo la wilaya hiyo, ambayo makao makuu yake ni Mugumu, imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kando yake yapo mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kulisha mifugo ndani ya mapori ya akiba bila kibali. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wanakamatwa humo anaweza kutozwa faini, na hata kupoteza mifugo yenyewe.

Tarime tatizo lina sura nyingine. Katika nyanda za juu za wilaya hiyo ardhi ni finyu, na shamba lile lile hubeba mahindi, migomba na kahawa. Ng'ombe wa maziwa hufungiwa bandani na kuletewa chakula.

Katika mazingira yote mawili, mashine ya kukatakata malisho inayoendeshwa kwa nguvu ya trekta inaweza kuligeuza bua lililokuwa likipotea kuwa akiba ya kiangazi. Hata hivyo, mashine hiyo hiyo ikichaguliwa vibaya hunywa dizeli bila faida, na ikitumiwa bila kinga hukata mkono wa mtu kwa urahisi kama inavyokata bua.

Maelezo haya yanamhusu pia mkazi wa mjini mwenye mifugo kijijini, ambaye mara nyingi ndiye anayetuma fedha za kununulia mashine asiyoiona ikifanya kazi.

Kazi ya mashine

Ng'ombe aliyepewa bua zima huchagua majani na kuacha shina. Likikatwa vipande vya sentimita mbili hadi tano, hawezi kuchagua kwa urahisi, na kiasi kinachomwagwa chini hupungua.

Ni vyema ieleweke kwamba kukata hakuongezi ubora wa chakula. Bua kavu la mahindi lina protini kidogo kabla ya kukatwa, na linabaki hivyo baada ya kukatwa. Linapaswa kuchanganywa na majani ya jamii ya mikunde kama lusina, majani ya viazi vitamu au mashudu.

Aidha, mtama mchanga na machipukizi ya mtama yaliyoota baada ya ukame yanaweza kuwa na sumu ya sianidi. Kupita mashineni hakuiondoi sumu hiyo.

Anza na hesabu ya ng'ombe

Kabla ya kuangalia bei, mnunuzi anapaswa kujua ana kazi kiasi gani. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula takriban kilo sita za chakula kikavu kwa siku. Ng'ombe 10 kwa siku 60 za ukame watahitaji kilo 3,600.

Mashine inayokata kilo 200 kwa saa itamaliza kazi hiyo kwa saa 18. Ile inayokata tani moja kwa saa itahitaji chini ya saa nne.

Kiwango kinachoandikwa kwenye kibati cha mashine mara nyingi ni cha majani mabichi, ambayo ni mazito. Mabua makavu ni mepesi na hujaza mdomo wa mashine haraka, hivyo kilo zinazotoka kwa saa huwa chache. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kuona mashine ikikata malisho ya aina anayokusudia kuyakata.

Kwa mwenye ng'ombe watatu au wanne, kuwasha trekta ya nguvu za farasi 50 au zaidi ili kukata mzigo wa siku moja ni kupoteza mafuta. Mashine ndogo yenye injini yake, au inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye pawatila, humtosha. Pawatila nyingi zilisambazwa nchini wakati wa Kilimo Kwanza, mpango uliozinduliwa mwaka 2009.

Mashine ya trekta ina faida pale majirani au kikundi kinapokusanya mabua ya kaya nyingi, yakakatwa kwa siku moja na kuhifadhiwa pakavu.

Visu, nyundo na matawi

Mashine hizi ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza hukata kwa visu vilivyofungwa kwenye gurudumu zito au kwenye pipa linalozunguka, vikipita karibu na kisu kingine kisichotembea. Hii ndiyo inayofaa kwa majani mabichi, mabingobingo, na mahindi yanayokatwa mabichi ili yasindikwe shimoni.

Ya pili hupondaponda kwa nyundo, na chakula hutoka kupitia chekeche. Hii hufaa kwa vitu vikavu kama magunzi na mabua yaliyokauka kabisa. Ikipewa majani mabichi huziba. Chekeche lenye matundu madogo mno nalo hutoa vumbi badala ya chakula cha kucheua.

Mkulima wa kahawa wa Tarime hushawishika kuingiza pia matawi aliyopogoa. Visu vya majani havikuundwa kwa ajili ya mti. Kijiti laini cha unene wa kidole kinaweza kupita, lakini tawi gumu huvunja ukingo wa kisu na kupinda shafti.

Anayekusudia kusaga matawi ili kupata matandazo ya shambani anahitaji mashine ya mbao, yenye visu vinene na gurudumu zito zaidi, na trekta inayolingana nayo. Migomba nayo ina shida yake, kwa kuwa nyuzi zake hujizungusha kwenye rola na kuzibana.

Trekta na mashine zilingane

Nguvu hutoka kwenye shafti ya nyuma ya trekta, ambayo mafundi huiita PTO. Trekta nyingi za kilimo nchini huzungusha shafti hiyo mara 540 kwa dakika. Zipo pia zinazozungusha mara 1,000.

Namna rahisi ya kuzitofautisha ni kuhesabu meno ya shafti. Ya mizunguko 540 huwa na meno sita, na ya mizunguko 1,000 kwa kawaida huwa na meno 21. Kuunganisha mashine ya mizunguko 540 na shafti ya mizunguko 1,000 kwa kutumia kiungio cha kuchonga ni kukaribisha visu kuruka.

Shafti ya kuunganishia ina mabomba mawili yanayoingiana. Yasipoingiana vya kutosha, walau theluthi moja ya urefu wake, yanaweza kuchomoka kazini. Shafti ikiwa ndefu mno nayo hugota trekta inaponyanyua mashine, ikaharibu beringi za pande zote mbili. Fundi apime trekta iliyopo kabla ya kukata bomba.

Bei ya kinga

Kinga ndiyo sehemu ambayo muuzaji huiondoa kwanza ili kushusha bei, na mtumiaji huiondoa kwanza ili kupata nafasi ya kupaka grisi.

Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa sekunde. Shafti yenye unene wa sentimita saba hivi huvuta takriban mita mbili za nguo kila sekunde. Kanga au shuka ya mchungaji huisha kabla mwenyewe hajapiga kelele, na trekta haisimami kwa sababu imemshika mtu.

Kwa hiyo shafti iwe ndani ya bomba la plastiki lisilozunguka, lililofungwa kwa mnyororo upande wa trekta na upande wa mashine. Bomba lililopasuka libadilishwe siku hiyo hiyo.

Mdomo wa kulishia upimwe kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na kutengwa na trekta. Mnunuzi asimame mahali pa mlishaji na kunyoosha mkono wote. Vidole vikifika kwenye rola, mashine hiyo ikataliwe hata kama bei yake inavutia, kwa kuwa rola huvuta haraka kuliko mtu anavyoweza kuachia.

Mashine iliyo bora ina mkono wa kusimamisha au kurudisha rola nyuma, ulio karibu na mlishaji. Malisho yaliyokwama husukumwa kwa kijiti cha mti laini, na kamwe si kwa mkono, mguu wala chuma.

Utunzaji wa kila siku

Kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna kinachoguswa kabla shafti haijatenganishwa, injini haijazimwa na ufunguo haujaingia mfukoni mwa anayefanya kazi hiyo. Gurudumu la visu huendelea kuzunguka kwa muda baada ya trekta kunyamaza, hivyo lisubiriwe lisimame kabisa.

Visu vinahitaji uangalizi kuliko kitu kingine. Kisu butu hakikati bali huchana, na dalili zake ni nyuzi ndefu katika chakula kinachotoka, mashine kutetemeka na trekta kulemewa kwa mzigo ule ule wa jana.

Kisu kinolewe upande wenye mteremko pekee, kwa kufuata pembe kiliyotoka nayo kiwandani. Kikinolewa kwa grenda hadi kikabadilika rangi na kuwa bluu, ugumu wa chuma umekwisha. Visu vyote vinolewe kwa pamoja na vibaki na uzito unaolingana, kwa kuwa kimoja kikiwa chepesi gurudumu hupiga na kuua beringi.

Baada ya kunoa, nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile kisichotembea irekebishwe kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, ambayo kwa kawaida haizidi milimita moja. Gurudumu lizungushwe taratibu kwa mkono, likishikwa mbali na ncha za visu, kuhakikisha hakuna kinachogusana.

Viungio vya shafti hupakwa grisi kila baada ya saa nane hivi za kazi. Bolti za visu hukazwa kabla ya kuanza, na zikibadilishwa huwekwa za daraja lile lile.

Ipo pia bolti moja laini ambayo kazi yake ni kukatika mashine inapobanwa ili kuokoa gia. Wapo wanaoiondoa na kuweka bolti ngumu au msumari wa nondo kwa kuwa imewachosha kukatika. Mara inayofuata kinachovunjika ni gia, ambayo bei yake hailingani na ya bolti.

Mabua yakatwe juu ya usawa wa ardhi. Yakin'golewa na mizizi huja na udongo na mawe, na jiwe moja linatosha kumaliza visu vyote. Waya wa kufungia mizigo uondolewe wote, kwani kipande kilichokatwa kikimezwa na ng'ombe kinaweza kumchoma tumboni na kumuua.

Jioni mashine isafishwe ikiwa imezimwa. Utomvu wa majani mabichi hula chuma, hivyo visu vifutwe vikauke na kupakwa mafuta kidogo.

Vipuri vitatoka wapi?

Swali la mwisho liulizwe kabla ya malipo. Wilaya ya Tarime inapakana na Kenya, na mpaka wa Sirari humpa mnunuzi nafasi ya kulinganisha bidhaa za pande mbili. Bei ndogo haina maana iwapo kisu hakipatikani upande wowote Septemba, wakati malisho yamekwisha.

Ni busara kununua seti ya pili ya visu, mkanda na bolti za kukatika siku ile ile ya kununua mashine. Vile vile, mnunuzi adai kitabu cha maelekezo na stakabadhi yenye jina la modeli.

Kwa ushauri wa zana, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani ukiwamo Mara. Kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha CAMARTEC kiko Arusha.

Anayetuma fedha kutoka mjini anaweza kuomba picha tatu kabla ya kulipa: ya meno ya shafti, ya kinga ya shafti na ya mtu aliyenyoosha mkono kwenye mdomo wa mashine iliyozimwa. Muuzaji asiyekuwa tayari kuzipiga asipewe fedha.